Jumba la Binamu

Jumatatu, 14 Juni 1813
Binamu Aubrey kaenda London, wiki mbili nzima. Jumba lake la vyumba arobaini limebaki na Bibi Hibbert, msimamizi wa nyumba. Mimi nimebaki huku chini kwenye kijumba changu, nikivuta moshi wa meko. Nimepata wazo! Bi Honor Wragge na mama yake hawajawahi kufika huku. Nimewaalika chai Alhamisi, "kwangu". Kwangu ni wapi hasa, sikutaja.

Lazima niwahi. Kapteni Jessop, anayemtaka Bi Honor pia, kapanga nyumba yenye madirisha kumi na manne upande wa mbele, na Bibi Wragge anayasifia kila mahali.

Jumanne, 15 Juni
Bibi Hibbert kakataa kusema uongo. Atawatembeza wageni wangu kama anavyowatembeza wote wanaokuja kuona jumba. Jina la mwenye nyumba hatalitaja asipoulizwa. Inatosha! Nimekariri picha za ukutani. Yule mwenye pua kubwa ni babu. Au askofu.

Alhamisi, 17 Juni
Aibu! Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Bibi Wragge kapapasa mapazia, kaniita mwanangu. Mwanangu! Nikasema twende maktaba, nikafungua mlango kwa madaha. Mafagio. Nikafungua wa pili. Ngazi ya watumishi. Bi Honor akainama kufunga kiatu, mabega yakimtetemeka.

Mara gari la farasi uani. Binamu Aubrey, karudi kabla ya wiki mbili! Kanikuta nimejinyoosha kwenye kiti chake.

"Septimus, kijumba kimeungua?"

Nikasema hapana.

"Basi inuka hapo, ndugu yangu, unitambulishe kwa wageni wako."

Bibi Wragge kaondoka bila kumaliza keki. Hajawahi kuacha keki yule.

Ijumaa, 18 Juni
Sijatoka nje. Kapteni Jessop kapita mara tatu akipiga mluzi.

Jumamosi, 19 Juni
Bi Honor kaja! Kwa miguu, na mjakazi wake, buti zote tope. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Bwana Tuffnell, nilijua tangu kwenye mafagio. Mtu hapotei kwake."

Kumbe alikuwa akiomba jumba lisiwe langu! Ataishije mahali ambapo supu inafika mezani imepoa? Na kwa Kapteni je? Madirisha kumi na manne, kasema, na hapiti hata moja bila kusimama kujitazama.

Meko yakatoa moshi. Akafungua dirisha mwenyewe, akakaa pale penye jua kama mwenyeji. Nikamposa palepale, nikikohoa. Kakubali, mradi nisiseme tena uongo kuhusu nyumba. Nikaapa. Machozi yakanitoka. Nikasingizia moshi.

Jumapili, 20 Juni
Bibi Wragge karidhia! Binamu kamthibitishia kuwa kijumba ni changu maisha yangu yote. Mtu mwema sana, Aubrey. Leo nimepumua hadi chini ya mapafu.

Jumatatu, 21 Juni
Kabaki shangazi mmoja tu, aliyeko mjini Bath, aliyemlea Honor na asiyependa watu wa vijumba. Nimemwandikia. Uongo hakuna! Nimesema tu kwamba nyumba yetu ina jengo la upande wa mashariki, lenye wakazi kumi na wawili, wote wa kike, wanaoamka alfajiri kila siku kwa ajili ya kifungua kinywa chetu.

Kuku bandani ni kumi na wawili kamili. Nimehakikisha kabla ya kutia muhuri.