Mgongo wa Nusu Bei Kwenye Mto wa Mumosho

Leo nimeumbuka. Gharama yote: ng'ombe mmoja na kiatu cha kushoto. (Nimehesabu mara mbili. Kiatu ni kimoja kweli.)

Munajua mtoto wa kaka yangu anataka kuoa binti wa kijiji cha Mumosho. Familia ikanichagua mimi nikajadili mahari, kwa sababu sokoni Kadutu hakuna muuzaji anayenipenda. Kaka aliniapisha: "Ng'ombe sita. Wa saba hatuna!" Nikavaa kostimu, nikafunga kravati shingoni. Nsimire, binti wa dada yangu (mimi ni Tonton wake, mjomba), alikuwa anaenda huko kikazi na jeep mpya ya kazini kwao, ile inayotembea na umeme mtupu. Akanichukua.

Tukafika mtoni. Daraja limekwenda na mvua. Ng'ambo, wakwe zetu wamejipanga na nyimbo za kutupokea.

Nsimire hakuwa na haraka. Akavua viatu, akashika fimbo, akaingia majini kwa miguu akipima chini, mpaka ng'ambo na kurudi. Maji mapajani. Akasimama kando ya gari, akalinganisha paja lake na mlango.

"Inapita, Tonton. Ingefika kiunoni, tungerudi Bukavu."

"Mama," nikamwambia, "hii gari iko umeme. Ile iko maji. Kwetu mvua ikinyesha tu, tunachomoa mpaka redio!"

"Betri imefungwa, maji haiingii. Na haina injini ya kuvuta hewa, itakunywa maji na nini? Panda."

"Tangulia. Mimi na umeme tutaonana ng'ambo."

Pale kuna wanaume wanaovusha watu mgongoni. Nikamfuata mmoja mwenye mabega mapana, Papa Cito.

"Bei kamili, tunakuwa wawili," akasema. "Mimi nabeba, mwenzangu anatangulia na fimbo."

"Na nusu bei?"

Akanipima kwa macho, tumbo hasa. "Nusu bei, niko peke yangu. Mukono moja ya fimbo, mukono moja njo yako, ya kukushika."

Nikakubali. (Na nikajipongeza, jamani. Nikajipongeza!)

Tukiwa katikati, jeep ikaingia mtoni.

Ndugu zangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Moshi hakuna. Kelele hakuna. Mwendo wa mtu anayetoka kupokea komunyo. Maji yakajikunja mbele yake kama shuka, yakapanda mpaka kwenye taa, na yenyewe haikusimama wala haikukimbia. Nilisikia mawe yakigongana chini ya magurudumu. Nilimsikia Nsimire anaimba humo ndani! Umeme unatembea majini na hakuna anayekufa! Nikaachia shingo ya Papa Cito, nikanyoosha kidole: "Angalia! Angalia!"

Papa Cito akaangalia. Ni Mkristo mzuri, baba huyu. Mbele ya muujiza, akafanya ishara ya msalaba.

Kwa mkono gani? Ule wangu.

Nikajikuta nimekaa mtoni, maji kifuani, kravati inaelea mbele yangu, kiatu cha kushoto kinakwenda na maji. Ng'ambo wimbo ukakatika. Jeep ikapanda ukingo ikichuruzika, Nsimire akakanyaga breki kidogo kidogo zikauke, kisha akatoa kichwa dirishani: "Tonton, bado uko njiani?"

Wakanivalisha kitenge cha mama wa bibi arusi. Cha maua. Nikakaa mbele ya baba wa binti, meno yanagongana, nikaanza hotuba yangu. Akainua mkono.

"Papa, tulikuwa tunakuangalia tangu huku. Mutu anapatana bei mpaka ya mugongo unamubeba! Binti yetu haiko wa nusu bei. Ng'ombe saba."

Wote wakacheka. Hata Nsimire. Na mtu aliyevaa kitenge cha mkwe atabisha nini? Nikasema saba.

Kurudi nilipanda jeep bila kujadili. Dirisha wazi, mkanda nimefungua kama alivyoniamuru, nitoke upesi maji yakizidi, nikashusha kiganja nikagusa maji yakipita. Hata Papa Cito aliponipungia mkono, sikuweza kukasirika.

Sasa tuko nyumbani. Nsimire amekataza gari lisichajiwe mpaka tundu la umeme likauke. Kaka anapiga simu, naiangalia tu. Nishaurini upesi: nimwambie ng'ombe wa saba ni wa mto, ao ni wa mgongo? Na anayecheka, achangie angalau mguu mmoja wa huyo ng'ombe.