Mtaa Wetu si Msitu

Lubumbashi, tarehe 9 Machi 1976

Citoyen Mkurugenzi wa Ofisi ya Ramani,

Mimi ni Adija, binti wa Amadi fundi cherehani. Nilimaliza shule mwaka jana. Mbele ya wakubwa sauti hunikimbia, ndiyo maana naandika. Tunakaa kando ya ziwa, upande wa Karavia, na tuliahidiwa bomba la maji. Sasa mafundi wanasema bomba haliji tena, kwa sababu ramani yenu mpya inaonyesha kwamba tulipo ni msitu, na miti haina ndoo.

Kwa unyenyekevu nalalamika hivi:

1. Dunia ni mviringo kama chungwa, na karatasi ni bapa. Ukilibandua ganda na kulilaza mezani, lazima mahali fulani livutike. Mchora ramani huchagua mstari mmoja utakaolala sawasawa, na ninyi mmechagua unaopita karibu na mji mkuu. Huko kumelala vizuri sana. Sisi wa mkoa wa Shaba tumevutwa na kuinamishwa. Sikatai heshima ya mji mkuu. Ila kama tumepanuliwa, mbona posho ya unga haikupanuliwa pamoja nasi?

2. Picha iliyopigwa kutoka angani ni miraba midogo, na kila mraba una namba: 1 ni nyumba, 2 ni msitu, 3 ni maji. Ukiihamishia kwenye ramani mpya, mraba mpya huangukia juu ya miraba kadhaa ya zamani. Nilipokuja ofisini kwenu kuuliza, karani wenu, citoyen Mwansa, alinieleza kwamba hapo huchukua wastani, kama alivyozoea kwa vimo vya milima. Kwa milima ni sahihi, maana kati ya kilele na bonde kuna mteremko. Lakini sisi tuko kati ya nyumba na ziwa. Alijumlisha 1 na 3, akagawa, akapata 2. Citoyen Mkurugenzi, ukichanganya nyumba na maji hupati msitu. Unapata nyumba yenye maji, na hilo ndilo ombi letu. Angechukua namba ya mraba wa zamani ulio karibu zaidi, tungebaki watu.

3. Afisa wa misitu alikuja na kumwuliza mama, “Mama, nani alikupatia ruhusa ya kujenga mu pori ya Leta, pori ya serikali?” Mama akamjibu, “Baba, kama huku ni pori, basi mimi ni nyani. Ikala chini, nyani akupikie bukari.” Alikaa, akala, akaandika kwamba kuku wetu ni ndege wa porini.

4. Kaka yangu Nasoro amepeleka posa. Wakwe wanauliza binti yao atalala juu ya tawi gani.

5. Kwa hiyo naomba turudishiwe namba 1, na bomba letu. Kama ni vigumu, basi tuwe msitu kamili: tupewe mlinzi, tusikatwe na mtu, na ofisi yenu itupangie mvua ya kila siku, kiangazi kikiwemo.

Wasalimie makarani wote, pamoja na mama anayepiga mashine mlangoni, na zaidi citoyen Mwansa, ambaye alinieleza bila kunicheka.

Mimi mwananchi wako, ambaye bado si mti,

Adija Amadi

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, wasimamizi wa salongo wamepita wakikusanya watu, mtaa kwa mtaa, waende kuzibua mifereji bila malipo. Walipofika kwetu walifungua ramani yenu mpya, mkubwa wao akasema, “Huku hakuna bantu, turudie,” wakageuka. Mama anakuomba, tafadhali sana, usiguse kitu. Maji tutachota ziwani kama zamani. Na majirani wa mtaa wa nyuma wanauliza kwa heshima: je, na wao wanaweza kufanyiwa wastani?