Bakora ya Mzee Abdurahman na Njia ya Kabro

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku njema, imeharibiwa na fimbo.

Asubuhi foleni ya magari ilianzia Ukunda kwenye njia panda ikashuka karibu mpaka baharini. Nyuma yangu kwenye pikipiki abiria wangu wa kila siku, mpishi wa hoteli moja ya Galu, anahesabu dakika kwa sauti. Nikatazama kulia. Malori. Nikatazama kushoto. Ile njia mpya ya waendao kwa miguu, iliyotandikwa matofali ya kabro, na kando yake ile yenye picha ya baiskeli. Tupu! Mungu hakuiacha njia tupu ili itazamwe. Nikapanda.

Sheria naijua. Afande Caroline, askari wa trafiki aliyeletwa kutoka bara, ametuhutubia pale steji ya bodaboda mara mbili: chombo chenye injini hakipiti njia ya miguu wala ya baiskeli. Nilimsikiliza vizuri sana. Lakini sheria hiyo iliandikwa na mtu asiye na abiria.

Mbele ya duka la mahamri akatokea mzee wa kanzu. Breki! Mzee akaruka pembeni akakaa kitako kwenye majani, mzima, alhamdulillahi. Bakora yake haikuruka. Kwa! Vipande viwili.

Sikusimama. Nilikuwa na helmeti yangu nyekundu, kioo nimekishusha, na macho yangu yalikuwa kwenye bakora, si kwenye uso wa mwenyewe. Lakini nilimwamkia. Shikamoo, baba! Mtu aliyelelewa hawezi kumpita mzee kimya. Naye kutoka kule majanini akaitika marahaba. Kwa hiyo hatukuachana vibaya.

Jioni Twaiba akaniandikia. Kumbe yule mzee ni babake! Mzee Abdurahman mwenyewe, ambaye ami yangu Chirau alimpelekea barua yangu ya posa wiki mbili zilizopita, na jibu litatoka Ijumaa hii baada ya sala. Ameapa kumjua mwenye helmeti nyekundu. Twaiba anasema mtu huyo, awe nani, hatakanyaga ukumbi wa nyumba yao. Hajui kwamba ni mimi. Asijue!

Nampenda Twaiba. Niliandika hivyo humu mwezi wa saba na sijabadilisha neno. Nina siku nne. Penye nia pana njia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata hila. Tamu!

Pale steji yuko Luqman. Tunagombania abiria tangu mwaka 2019, na nyumbani kwao wanamtaja Twaiba mara nyingi kuliko inavyofaa. Leo nimempa helmeti yangu nyekundu. Zawadi, nikamwambia, tusahau ya zamani. Akainusa ndani, akaniuliza kama nimekufa na huu ni wasia. Lakini akaivaa. Nikakaa kwenye kivuli cha kibanda kungoja Mzee Abdurahman apite amkamate mhalifu wake.

Alipita saa nne. Akasimama. Akaitazama helmeti. Akamtazama Luqman. Kisha akamwambia kwamba kijana anayelinda kichwa chake hivyo bila shaka hulinda na cha abiria, akapanda nyuma yake wakaondoka kwenda Kombani!

Mimi nikabaki bila helmeti. Afande Caroline alinikuta nusu saa baadaye. Sitaandika aliyosema.

Jumatano, 5 Novemba

Hila ya pili, yenye heshima zaidi. Nimenunua bakora mpya sokoni Kombani, kichwa chake kimepindwa vizuri, nikampelekea Mzee baada ya alasiri. Nilijiona mkwe kamili.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, kwa upole, nimejuaje kwamba ile yake imevunjika, maana hajamwambia mtu nje ya nyumba yake.

Lahaula! Kusema nimeambiwa na Twaiba siwezi. Posa haijajibiwa, nitasemaje kwamba tunaandikiana? Nikasema nimeota. Akauliza kama katika ndoto niliona na helmeti. Nikasema ndiyo, nyekundu, na aliyeivaa alifanana sana na Luqman. Mzee akaijaribu bakora sakafuni. Akasema shukran. Akasema kijana mwenye ndoto kali namna hiyo anafaa kwenye kamati yake.

Kumbe ameunda kamati! Wazee wanne na benchi moja, wanailinda njia ya miguu dhidi ya pikipiki. Macho wanayo, pumzi hawana. Kuanzia kesho mpuliza firimbi ni mimi.

Nimekubali kabla hajamaliza. Nani atamshuku mlinzi?

Alhamisi, 6 Novemba

Firimbi shingoni tangu saa moja asubuhi. Sijui kwa nini nilizaliwa bila firimbi. Nimesimamisha pikipiki kumi na nne. Nimemsimamisha Luqman, nikamsomea sheria yote kama Afande Caroline alivyotusomea, na nikaongeza vifungu viwili vyangu. Nimemsimamisha Mzungu mwenye baiskeli kwa bahati mbaya. Nimemwomba radhi. Wazee wakanipa kahawa na kunisifu. Mzee Abdurahman alinitazama sana. Mapenzi ya mkwe hayo.

Saa saba mpishi wangu akapiga simu. Amechelewa zamu ya mchana, nimwahishe, la sivyo anamchukua Luqman moja kwa moja. Luqman! Barabarani magari yamelala. Njia ya kabro tupu kabisa, hata paka hayuko. Na ni nani aliyezitoa pikipiki zote pale? Mimi. Mkulima hali mavuno yake?

Nikamchukua mpishi, nikapanda kabro, na kwa usalama wa umma nikawa napuliza firimbi njia nzima.

Afande Caroline alitokea nyuma ya kibanda cha madafu. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha bara, kama mimi ni refa ama ni mchezaji. Nikamweleza kwamba hii ni doria. Akasema sheria haijui doria ya kubeba mpishi. Ukiipanda ni pikipiki, akasema, ukiisukuma wewe ni mtu wa miguu kama watu wengine, basi shuka uwe mtu. Akaandika jina langu. Nikirudia ni mahakamani. Nikasukuma mpaka kabro ilipoishia, mpishi akitangulia kwa miguu na kucheka peke yake.

Tulipita mbele ya benchi. Nikawaamkia wazee wote wanne, mmoja mmoja. Mzee Abdurahman aliitika huku akitazama upande wa pili. Nadhani hakuniona.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya jibu. Sikula. Ami Chirau alikwenda barazani kwa Mzee baada ya sala, akarudi akifuta machozi. Nikajua nimekataliwa. Kumbe ni ya kicheko! Wamecheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka.

Mzee alijua tangu Jumatatu. Tangu akiwa palepale majanini! Alimwambia ami yangu kwamba wenye helmeti nyekundu ni wengi, na wanaopita njia ya miguu ni wengi zaidi, lakini anayemwangusha mtu kisha akamwamkia, tena kwa adabu kamili, Ukunda nzima ni mmoja tu, na barua yake ya posa iko kwake chini ya mto wa kulalia. Mambo ya bakora, ndoto na firimbi aliyaacha yaendelee kwa sababu hajapata burudani tangu afiwe na mkewe.

Nikauliza, jibu je? Ami akaacha kucheka.

Jibu ni hili. Siku thelathini mfululizo, baada ya alasiri, nitamsindikiza Mzee kutoka msikitini mpaka kwake, yeye na bakora yake, mimi nikisukuma pikipiki injini imezimwa, kwenye njia ya miguu. Nikizimaliza, Twaiba ni wangu. Nikionekana hata mara moja nimeipanda pikipiki kwenye njia isiyo yake, hesabu inaanza upya. Ikianza upya mara ya pili, barua inarudi kwa mwenyewe. Na watu wa kwao Luqman, Mzee alisema, wameanza kuulizia bei ya karatasi ya kuandikia posa.

Usiku Twaiba akaniandikia kwamba amenikasirikia mno na kwamba siku thelathini si nyingi. Nimesoma ile sehemu ya pili tu. Nitaweza! Wallahi nitaweza.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya kwanza. Kutoka msikitini mpaka kwake ni dakika kumi. Tumetumia saa nzima na robo. Anayekwenda kwa miguu hawezi kupunga mkono akapita. Shikamoo ishirini na sita, na kila moja ina habari za mgonjwa, za mvua, za kuku. Pikipiki nzito. Mgongo umekufa. Lakini Twaiba alichungulia dirishani, nikasukuma kwa mkono mmoja.

Mzee aliniuliza njiani kama sasa naona kwa nini njia hii ilitengwa. Nikasema naona. Nilikuwa nimeona dirisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana, siku ya pili, ilikwenda salama. Leo ni ya tatu. Naandika kwa masikitiko lakini bila kukata tamaa.

Adhana ya alasiri ilinikuta Galu. Foleni mpaka Diani. Kumchelewesha mzee ni utovu wa adabu, na anayetaka kuoa lazima achague kati ya adabu na kabro. Nilichagua adabu. Nikapanda kabro. Hesabu yangu ilikuwa safi: nishuke hatua hamsini kabla ya msikiti, nizime injini, nitokee nikisukuma na kuhema kama niliyesukuma tangu Galu.

Sikujua kwamba Mzee, kwa wema wake, ameamua kuja kunilaki.

Breki! Majani. Kwa! Bakora ya Kombani, vipande viwili.

Nilimwamkia. Akaitika.

Ami Chirau amekuja sasa hivi kunipa salamu. Hesabu imeanza upya, nimebakiwa na nafasi moja. Twaiba ameniandikia jina langu tu, Boga, na alama saba za mshangao. Na Mzee amesema miguu haina usalama tena mjini hapa. Ametoa baiskeli yake ya zamani stoo, fundi ameitia mipira mipya, na kuanzia kesho atatoka nayo msikitini taratibu, mimi nikimfuata na kusukuma.

Nimekaa nikatafakari kwa makini, na kosa langu nimeliona. Njia ya miguu ina wazee wengi mno! Kesho nikichelewa nitapita njia ya baiskeli.