Ubongo Mnene wa Mama Stoo

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Jina hilo alilipata kwa miwani na kwa kuongea polepole. Siku moja, akiwa amejibanza saluni kumkwepa mwenye nyumba wake, alimwona mama mmoja ametia kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, katulia, anajibu kila anachoulizwa na msusi. Mtu akishatiwa kichwa kwenye chombo, akawaza Profesa, huwa anaamini lolote. Akanunua mashine mbovu ya aina hiyo, akaipaka rangi nyeupe na kuining'inizia nyaya tatu.

Elimu yake ilitoka kwenye kipande cha gazeti. Kiliandika kwamba tabia za watu huenda zinahusiana na unene wa tabaka la juu la ubongo, ila uhusiano wenyewe ni hafifu na haumtoshi mtu kusema fulani ni mwema au mbaya. Profesa aliisoma sentensi hiyo mpaka katikati, ikamtosha.

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa tajiri mwenye ghala la vifaa vya ujenzi, bahili aliyewasha feni ya ofisini wageni wakija tu.

"Saruji yangu inapungua," alisema tajiri. "Nataka kumjua mwizi."

"Mwizi hajulikani kwa sura, tajiri. Anajulikana hapa." Profesa akajigonga kwenye paji la uso. "Pakiwa pembamba, mtu hajizuii. Pakiwa panene, hata umwachie kasha wazi, atakufungia mwenyewe."

Wapagazi wote walipimwa, wakaonekana wembamba kidogo, wa kupimwa tena kila mwezi. Wa mwisho alikuwa mtunza ghala, Mama Stoo. Alisubiri wenzake watoke, kisha akasema kwa sauti ya chini, kichwa kikiwa bado ndani ya mashine:

"Mwanangu, nina wajukuu wanne. Nikifukuzwa leo, kesho hatuli. Nisomee vizuri."

Profesa hakuwa amemwonea mtu huruma kwa miaka mingi. Alihisi kitu kifuani, akadhani ni kiungulia. Akatoka, akatangaza:

"Katika miaka yangu ishirini ya kupima," nayo ilikuwa wiki ya pili, "sijaona ubongo mnene namna hii. Huyu mama hawezi kuiba hata akitaka."

Tajiri akamkabidhi Mama Stoo funguo zote na kuacha kukagua. Sifa zikasambaa. Wakaja mabosi, wakaja wachumba, akaja na mama mkwe mmoja akimsukuma mkwewe mbele. Kila aliyeomba mfano wa ubongo mwaminifu alitajiwa Mama Stoo. Profesa alimtaja mara nyingi mno, mpaka na yeye mwenyewe akaanza kuamini. Ni aibu kulisema hili kuhusu tapeli mzoefu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi askari wa mji walipoanza kuulizia leseni yake, alichukua mkoba wenye kila alichowahi kuchuma, ambao alitaka kuhama nao mji, akaupeleka ghalani.

"Nitunzie mpaka kesho, mama. Sina mwingine wa kumwamini."

"Ondoa shaka, mwanangu," alisema Mama Stoo, akaufungia mbele ya macho yake.

Kesho yake ghala lilikuwa tupu. Alfajiri Mama Stoo alikuwa amekuja na malori mawili, na wapagazi walimpakilia kwa bidii, maana mwenye funguo ndiye bosi. Tajiri alikuwa amekaa juu ya ndoo, akipanga jinsi ya kumnyonga Profesa.

Profesa aliingia mbio. Akaenda mpaka mwisho wa ghala, akarudi, akaenda tena. Kisha akaketi sakafuni na kulia kwa kwikwi.

 Tajiri akainuka, akamshika bega.

"Basi, Profesa, basi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nimekukasirikia sana. Kumbe mali yangu imekuuma kuliko mimi mwenyewe."