Malalamiko Yangu Mimi Niliyekuolea Mke

Mwingi,
Agosti 1986

Ndugu yangu Rashid, huko Maskati,

Pokea salamu za heshima. Sisi wazima, na mkeo mzima, ingawa sioni kama una haraka ya kujua. Ni mimi binamu yako Abdulatif, niliyeketi mbele ya sheikh mwaka jana nikakupokelea mke kwa sababu tajiri wako alikunyima ruhusa. Nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Siku ile nilisema, "Nimekubali ndoa ya Mwanahamisi kwa niaba ya Rashid." Nilipofika "Mwanahamisi" tu, akina mama walipiga vigelegele na jina lako likazama humo. Mpaka leo nusu ya soko inanipongeza. Mutie kinyozi aliniletea jogoo.

2. Mama mkwe wako, Bi Sauda, ana hesabu fupi: Rashid hayuko, Abdulatif yuko. Upepo ulipong'oa mabati yake, niliitwa. Choo kilipojaa, nilichimba kingine mpaka udongo ukanipita kichwa. Sikujua uwakili wa ndoa unafika hadi chini ya choo.

3. Badala ya kuja, ulituma kaseti. Tulikusanyika kuisikiliza. Ulisalimia ukoo mzima, hata marehemu, na ulipofika "mke wangu mpenzi, nakuahidi" betri zikaisha. Mwanahamisi akanigeukia mimi: "Si wewe ndio ulisema amekubali? Alikubali nini?" Nikakimbia dukani kununua betri mpya. Kumbe ulikuwa unamwahidi kaseti nyingine! Nikagombezwa upya, mbele ya wageni, kama mume, na chai ya mume sijawahi kuionja.

Bwana mkubwa, ndoa si gunia la ndengu, kwamba mmoja apakie Mukuyuni na mwingine apokee Mombasa. Anayetuma mdomo wa mwenzake kuoa, kesho atamtuma nani akalee watoto? Mwanamume hujibu mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba urudi kabla ya Maulidi, kwa miguu yako yote miwili, ukubali upya na usikike.

Wasalimie Wakenya wote wa huko, pamoja na huyo tajiri asiyejua likizo ni nini.

Ni mimi, niliyechoka kuwa wewe,
Abdulatif

Nyongeza: Nimemposa Tima, mdogo wa Mwanahamisi, na Mzee Hemedi baba yao ameridhia. Ndoa ni Jumamosi baada ya Maulidi. Shida ni moja. Kwa niaba yako nilinguruma, lakini nikijaribu kusema "nimekubali" kwa niaba yangu, hata nikiwa peke yangu chumbani, sauti haitoki. Ukifika, nakusihi ukae mbele ya sheikh unikubalie. Mimi nitangoja nje.