Wasifu Wangu kwa Nafsi ya Tatu

Jumatatu, Machi 3
Shemeji ametangaza rasmi. Nisipopata kazi kabla ya mwezi kwisha, nihame kochi lake. Nikamtazama dada anitetee. Akaendelea kukunja nguo. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Bahati nzuri ghala la rangi linatafuta karani. Wanataka wasifu tu. Maneno ninayo, nitashindwaje?

Jumanne, Machi 4
Niliuandika kwa unyenyekevu: "Mimi si kitu, ila nafundishika." Dada akasema hata yeye asingeniajiri. Nikaandika upya, kifua mbele: "Ghala bila mimi ni kopo tupu." Shemeji alipousoma akapaliwa na chai. Alipopata pumzi akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikusudia kuniumiza, na nimeumia. Lakini ana hoja. Mwenye kunisifu asiwe mimi. Awe nani?

Alhamisi, Machi 6
Tumemzika jirani, fundi saa. Mzee mkali, salamu yangu hakuwahi kuijibu. Kisha wakasema tusikilize wasifu wa marehemu. Wasifu! Neno lile lile la ghalani. Mpwa wake akasoma, watu wakalia. Hata mimi nililia. Angekuwa hai ningempa kazi palepale. Nikamfuata mpwa, nikamwomba nakala. Akadhani nina uchungu, akanikumbatia.

Ijumaa, Machi 7
Nimenakili, nikabadili jina na mambo ya saa. "Alikuwa mtu wa watu. Aliipenda kazi kuliko nafsi yake. Pengo aliloliacha halizibiki." Hilo la pengo nimelipigia mstari, mwajiri aione hasara ya kunikosa. Nimebandika picha yangu ya suti na kuizungushia fremu nyeusi, ipendeze. Mdhamini, dada. Nimeupeleka mwenyewe. Mlinzi wa getini akausoma, akavua kofia, akanipa pole. Nikamshukuru. Kutafuta kazi kunachosha kweli.

Jumatano, Machi 12
Meneja wa ghala amempigia dada. Kumpa pole ya msiba! Akasema ofisi nzima imeguswa, mhasibu amelia. Ila hawakuelewa kwa nini wameletewa wao. Akaongeza kwamba mtu wa namna ile ndiye waliyekuwa wakimtafuta, na angekuwa hai angeanza kazi Jumatatu. Dada akamshukuru. Shemeji alitoka nje kucheka, nikamsikia anacheka hadi kwa muuza duka.

Dada hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kochi langu akalia. Akasema miaka yote amenibeba, na leo alipopewa pole, kabla hajaelewa, alihisi mzigo umeshuka. Kisha akaniomba radhi. Radhi ndiyo iliyonimaliza. Sifai kitu. Nimejifunika shuka hadi kichwani, na chakula nimekikataa. Hakuna aliyenibembeleza.

Alhamisi, Machi 13
Nimeamka na mwanga. Dada hatanibeba tena, naapa. Kosa halikuwa mtindo hata kidogo! Ghala zima limempenda marehemu, na nafasi yake iko wazi. Nani wa kuliziba pengo lile kama si mdogo wake wa tumbo moja? Nimeshaanza: "Kaka yangu aliniachia wosia nisimamie ghala lenu." Sauti ya majonzi, lakini yenye kujiamini. Dada atathibitisha, sauti yake wameshaizoea. Picha ni ile ile ya suti. Nimekata fremu nyeusi tu.