Hadithi za Mchana Hupoteza Ndama

Jumapili, 1 Julai 1984. Suguti.

Wiki ya pili nyumbani. Hadithi zinazotakiwa: ishirini. Nilizonazo: sifuri! Profesa wangu kule Chekoslovakia ameandika tena. Mwanafunzi wa Lugha na Fasihi za Kislavoni akienda likizo kwao arudi na hadithi ishirini za wazee, azilinganishe na za Waslavoni, wenyeji wa kule. Asiyezituma ifikapo mwisho wa Agosti anarudia mwaka mzima. Mwaka mzima wa baridi ile! Mungu apishie mbali.

Baba mdogo Wanzagi kaniuliza mbele ya wageni ninachosomea kinatengeneza nini. Nikamweleza fasihi nusu saa. Akauliza kama kinatengeneza hata baiskeli.

Clementi wa Kabasa, tunayesoma naye darasa moja, ameshapata nne. Simpendi.

Ghala la hadithi ni Bibi Nyangi, mama yake baba. Nikamfuata saa nne asubuhi na kalamu mkononi. Akasema hadithi ni baada ya ugali, giza likishaingia. Ukisimulia mchana, ng'ombe wanapotea. Nikamwambia elimu haingoji giza. Akaendelea kumenya mihogo.

Jumanne, 3 Julai.

Nimepata! Kwa nini nikae jioni ishirini juu ya kigoda nikiliwa na mbu? Kuna hadithi tulifundishwa darasani. Bibi kizee anatembea kwenye theluji, jiko lake mgongoni. Dubu anaomba kujipasha moto. Bibi anamhurumia. Dubu anaondoka na jiko. Sasa hadithi hiyohiyo ikionekana huku kwetu ziwani? Profesa ataanguka kwenye kiti! Waslavoni na sisi, ndugu wa hadithi! Nani atakumbuka kuuliza zile kumi na tisa? Kazi yangu ni kuipanda tu, iote, nije nivune.

Nikaanza na Bibi, palepale kwenye mihogo, saa tano mchana. Hakutaka, lakini mikono ilikuwa na kazi, angekimbilia wapi? Akauliza theluji ni nini. Nikasema ni kitu cheupe kinaanguka kutoka mbinguni, kinajaa nchi nzima. Akauliza, kumbe pamba, sasa karani wa kuinunua anakujaga lini?

Saa kumi ndama wa Baba mdogo hakuonekana. Nyumba nzima ikanitazama mimi. Bahati mbaya tu.

Jumamosi, 7 Julai. Musoma.

Sabuni hakuna. Viberiti hakuna. Daftari hakuna kabisa. Sista mmoja wa parokia kanipa moja lililotumika nusu, nikamlipa kwa hadithi ya dubu. Kisha nikaenda kuisimulia kwa mama wauza samaki. Mbili, tatu, mara nne! Kesho Bunda.

Jumanne, 10 Julai. Bunda.

Wakulima wamekaa juu ya magunia ya pamba, wiki ya pili, wanangoja mnunuzi. Watu wasio na pa kwenda! Nikawasimulia yote, na ishara za mikono. Mmoja wao, Mzee Keraryo, akauliza kama nimetumwa na serikali. Nikasema nimetumwa na fasihi. Akaniambia nimsalimie.

Jumapili, 22 Julai. Kibara.

Lo! Lo! Lo! Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuna mama anaitwa Tereza, anabanika sangara. Kibara sijawahi kukanyaga kabla ya leo. Nikamwomba hadithi, akakataa mpaka giza liingie. Tukala. Akaanza. Bibi kizee, jiko mgongoni! Pamba inashuka kutoka mbinguni, inafika magotini, karani hajaja! Akatokea kiboko, anatetemeka kwa baridi. Lakini kiboko wa Tereza haibi. Anambebea bibi jiko mpaka Bunda, wanapanga foleni ya sukari pamoja, na foleni yote inampisha kiboko.

Machozi yalinitoka. Tereza kaapa ni hadithi ya wazee sana, kasimuliwa na bibi yake. Basi ni kweli, sisi na Waslavoni ni ndugu! Kwa dakika kumi nilisahau kabisa kwamba mpandaji ni mimi. Nilipokumbuka, nikaona haiwezekani. Tereza hakuonekana mtu wa kudanganya.

Jumatatu, 30 Julai. Suguti.

Narudi nyumbani nimkute nani jikoni? Clementi! Ana siku tano analala kwetu. Anamenya mihogo na bibi yangu. Bibi YANGU! Amemletea vipande viwili vya sabuni kutoka Ulaya. Mimi nilimletea picha ya chuo. Ana hadithi kumi na tisa, mnafiki mkubwa.

Bibi akanivuta pembeni. Akasema, "Bado ninazo, mume wangu. Zile nzuri ni wewe nilikuwaga nakutunzia. Kaa jioni moja tu." Nikasikia kitu kifuani. Nadhani njaa. Nikamwambia nitakuja kesho, leo naandika ripoti.

Jumatano, 29 Agosti.

Barua ya Profesa! Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa. Anasema ripoti yangu ilimsisimua kwa siku mbili. Siku ya tatu ikafika bahasha ya Clementi, hadithi ishirini kamili. Ya ishirini, msimulizi Bibi Nyangi wa Suguti, inaitwa "Mjukuu Aliyesimulia Mchana Akapoteza Ndama". Mjukuu anatoka Ulaya na hadithi ya jiko na dubu. Ndama anapotea. Wanamtafuta siku tatu, wanamkuta Butiama kwenye shamba la watu. Mjukuu hakuwasaidia, alikuwa anazungukazunguka mijini na hadithi yake.

Yote kweli! Hata lile la Butiama, mimi mwenyewe sikulijua.

Profesa amecheka mpaka miwani ikaanguka. Ananipa nafasi ya mwisho. Nikifika na hadithi kumi tu kutoka mdomoni mwa Bibi, mwaka sirudii. Tunasafiri na Clementi tarehe 10 Septemba. Jioni kumi na mbili ninazo. Zinatosha mpaka zinabaki!

Jumapili, 9 Septemba.

Jioni zote nimefanya kazi kweli kweli, nimemaliza mpango mpya. Kosa langu nimeliona: nilipanda upande usiofaa! Dawa ni kwenda vijijini kwa Waslavoni wenyewe, niwasimulie hadithi za Bibi. Zikiota, namleta Profesa azisikie kwa masikio yake. Atabisha nini? Nimechora ramani, vijiji kumi na vinne, kwa wino wa rangi mbili.

Tatizo ni moja, dogo: hadithi za Bibi sijui hata moja. Nitaazima daftari la Clementi kwenye ndege.

Bibi ananiita. Ugali umeiva, giza limeingia, anasema kigoda changu kiko wazi. Nimemjibu nitakuja kesho.